Kitabu kilichotuhusu, nasi hatukupata kukisoma

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nieleze habari ya kesi zilizofunguliwa Kanada, ingawa sehemu ya chimbuko lake iko hapa kwetu Kahama.

Mwaka 2008 mchapishaji mdogo wa Montreal, Écosociété, alitoa kitabu cha Alain Deneault na wenzake wawili, Noir Canada, kinachohoji mwenendo wa kampuni za Kanada barani Afrika. Yaliyomo ni pamoja na madai juu ya kuondolewa kwa wachimbaji wadogo katika machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu, hapa kwetu Kahama, mwaka 1996, miaka mitatu kabla mgodi huo haujaingia mikononi mwa Barrick Gold, kampuni ya Kanada, na kampuni hiyo iliyakana. Barrick ilifungua kesi ya kashfa, yaani ya kuchafuliwa jina, katika jimbo la Quebec, uliko mji wa Montreal, ikitaka fidia ya dola milioni 6 za Kanada. Banro, kampuni nyingine ya Kanada iliyokuwa na maeneo ya dhahabu huko Kivu Kusini, Kongo, ilifungua yake katika jimbo jirani la Ontario ikitaka milioni 5, ingawa kitabu kiliandikwa kwa Kifaransa, kilichapishwa Quebec, na nakala zilizotajwa kusambazwa Ontario zilikuwa 93. Ubishi kuhusu mahakama ipi iisikilize kesi hiyo ulipanda hadi Mahakama ya Juu ya Kanada, iliyoamua mwaka 2012 kwamba Ontario inaweza kuisikiliza. Miaka minne ilikuwa imekwisha, mawakili wanalipwa, na swali la kama yaliyoandikwa ni kweli au uongo lilikuwa bado halijaguswa.

Quebec ilikuwa imepitisha sheria mwaka 2009 ya kuzuia watu kuitumia mahakama vibaya. Kwa sheria hiyo, Agosti 2011 jaji aliona kwamba kesi ya Barrick ina dalili za matumizi mabaya, akaiamuru kampuni iwalipe wadaiwa zaidi ya dola 143,000 za kugharimia utetezi wao, lakini hakuifuta. Oktoba mwaka huohuo pande mbili zilimalizana nje ya mahakama, na mchapishaji akakubali kuacha kukitoa kitabu.

Hili ndilo linaloniuma. Sidai kwamba kila kilichoandikwa kilikuwa sahihi. Pengine ushahidi ungesikilizwa, kampuni ingeshinda, na ina haki ya kulinda jina lake kama mtu mwingine yeyote. Ila miongoni mwetu wapo waliokuwa machimboni mwaka 1996, ambao walistahili kuliko watu wote kuona madai hayo yakipimwa hadharani kwa viapo na maswali, na nafasi hiyo iliondoka pamoja na kitabu.

Kwetu hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa katika sheria ya kashfa tuliyoirithi kwa Waingereza mdai halazimiki kuthibitisha kwamba alichosemwa ni uongo. Mdaiwa ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha ukweli, kwa fedha zake mwenyewe. Mwandishi wa Shinyanga anayepokea barua ya madai ya mamilioni kutoka kwa mawakili wa kampuni kubwa ataomba radhi hata kwa jambo aliloliona kwa macho yake, na mhariri wake, mwenye mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi, hatamlaumu.

Afrika Kusini imepiga hatua. Kampuni ya madini yenye mizizi Australia iliwadai mawakili watatu wa mazingira na wanaharakati watatu zaidi ya randi milioni 14, na Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ikakubali kwamba mdaiwa anaweza kujitetea kwa kuonyesha kuwa kesi imeletwa kwa nia ya kumnyamazisha. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini mawakili wetu wanaweza kuinukuu.

Naiomba Tume ya Kurekebisha Sheria ilitazame jambo hili: jaji apewe mamlaka ya kuichunguza mapema kesi ya kashfa inayohusu maslahi ya umma, kabla mdaiwa hajafilisika, na akiridhika kwamba imeletwa kunyamazisha, aifute na gharama zote zibebwe na aliyeifungua.

Mwalimu mstaafu,
Kahama