Barua kwa mdogo wangu wa Lindi, umeanza kupita njia ya nyuma

Mdogo wangu, voisi yako ya juzi nimeipata, marahaba, nimeisikiliza mara nne. Unasema uko poa na kazi inaenda, halafu pale ambapo siku zote unacheka ukanyamaza. Nikaanza kuikumbuka ile jioni ya Idi.

Nilishuka stendi ukanipokea, tukatembea kwenda kwako, ukanipitisha uchochoroni nyuma ya nyumba za watu. Nikakuuliza mbona tunazunguka ukasema huku kuna kivuli, na ilikuwa saa kumi na mbili jioni, jua lenyewe lishazama. Tulipokata kona tukamkuta mama mmoja anakaanga mihogo barazani, akakuona, akainuka, akaingia ndani akafunga mlango na mihogo akaiacha kwenye mafuta. Tukapita pale inaungua tunaisikia harufu. Ukaniambia kwa sauti ya chini, "yule nilimchukulia friji." Hukuongea tena mpaka tumefika.

Mimi sijasahau ile karai. Wewe ndo yule uliyekuwa ukienda sokoni unachelewa kurudi kwa sababu kila kibanda unasimama unasalimia, mpaka mama anatuma mtu akufuate. Sahivi una miaka miwili na miezi minne kwenye hiyo kampuni ya mikopo, unawachukulia vitu walioshindwa kulipa, na umeshaanza kupita kwa nyuma. Mimi kwangu hiyo ndo dalili, sihitaji nyingine.

Najua watakuambia vumilia, mvumilivu hula mbivu, kazi zenyewe ziko wapi. Na kweli kazi ngumu zipo, tumekulia ndani yake. Mama alibangua korosho miaka yote ile, yale mafuta ya ganda yakambabua vidole mpaka ngozi inatoka vipande vipande na kucha nyeusi, anajipaka majivu asubuhi anaanza tena. Lakini alikuwa anapita katikati ya soko, anaitwa huku anaitwa kule, jioni anatusimulia nani kasema nini. Kazi ilimuumiza mikono tu. Hii yako inakutenganisha na watu, na wewe bila watu nakujua unavyokuwa.

Halafu kuna kitu sijawahi kukuambia. Nilivyokuwa karani wa mizani kwenye lile ghala, msimu wa kwanza tu nilishajua pale si pangu. Tulikuwa tunaambiwa kila mzigo ukifika punguza kilo kadhaa uandike unyaufu. Korosho ikikauka inapungua kweli, hilo halina ubishi, ila haipungui kati ya mlangoni na mizani. Siku moja bibi mmoja, gunia zake mbili tu, akaniuliza taratibu kabisa, "Mwanangu, nyumbani tumepima, zimeenda wapi hizi zingine?" Nikainamia karatasi nikajifanya naandika. Nilikaa misimu miwili mingine baada ya siku hiyo, kisa nyumbani walishajisifu mtoto wao kapata kazi na mimi nikaona aibu kurudi mikono mitupu. Hiyo misimu miwili ndo inaniuma kuliko yote, na ndo maana nakuandikia.

Sasa nisikilize, usije ukaamka siku moja na hasira ukafunga simu ukapotea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mtu wa mshahara wa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, kwa hiyo soma mkataba wako kwanza uone kama wameandika zaidi. Ukiondoka bila notisi wana haki ya kukukata hela ya hizo siku kwenye madai yako. Bosi atakuambia hajakuruhusu, lakini kuacha kazi haki yako, barua yako ni taarifa. Likizo ambayo hujaenda waikokotoe wakulipe, na cheti cha utumishi wakupe, usitoke bila hicho. Pitia NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, uangalie michango imeingia yote au kuna miezi waliikata kwenye mshahara haikufika. Halafu usihesabu fao la kukosa ajira, hilo halimhusu aliyeacha mwenyewe. Na ule mkopo uliochukua hapohapo ofisini kwa ajili ya pikipiki ya kaka yako, omba wakuandikie umebaki kiasi gani, maana watataka kuukata kwenye hela yako ya mwisho na usije ukashangaa.

Kingine ni muda. Huku kusini kwetu hela ina majira yake, unajua mwenyewe, ukiacha kazi mwezi wa pili mvua inanyesha na mifuko ya watu wote imekauka hata biashara ya maandazi haitoki. Lakini sahivi ni mwezi wa nane, mikorosho imetoa maua. Ukipeleka barua mwanzoni mwa mwezi wa tisa, siku zako 28 zinaisha mwezi huohuo, na minada ya korosho kwa kawaida inaanza mwezi wa kumi, hela inaanza kuonekana mtaani, vyama vya msingi vya ushirika vinatafuta makarani na wewe mahesabu unayajua kuliko mimi. Mshahara kama huo wa kwako sikuahidi, nitakuwa nakudanganya. Dukani kwangu hapa Chuno, Mtwara, kuna kazi ya kuandika madeni na kuagiza mzigo, itakushikilia chakula na vocha mpaka upate chako.

Usiogope kuhusu mama. Nilimwambia mimi, nikamwambia yote pamoja na friji. Alikaa kimya muda mrefu, yani nikafikiri simu imekatika, halafu akauliza kama yule mama wa mihogo alishapata friji lingine. Sikuwa na jibu. Ukiweza, kabla hujaondoka, pita pale kwa mbele umsalimie, hata asipofungua.

Chumba cha nyuma nimeshatoa maboksi, godoro nimelianika tangu jana. Ukipanda gari ya asubuhi nitumie meseji ukifika Mnazi Mmoja, nitakuwa stendi.

Dada yako.