Trekta dogo la kwanza: anza na udongo wako na zana utakayovuta, HP ifuate baadaye

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu Makambako kutafuta trekta lao la kwanza huuliza kwanza shamba la ekari kumi linahitaji trekta la HP (nguvu ya farasi) ngapi. Tunalielewa swali hilo, kwa sababu HP ndiyo namba iliyoandikwa kubwa ubavuni mwa mashine na ndiyo inayopandisha au kushusha bei, lakini ukubwa wa shamba peke yake hauwezi kulijibu. Ekari kumi za parachichi kwenye miteremko ya Njombe na ekari kumi za mahindi kwenye udongo mweusi wa mbuga huko Usangu zinahitaji mashine mbili zisizofanana hata kidogo, ingawa hati za mashamba hayo zinaonyesha eneo lile lile. Kinachoamua nguvu ya trekta ni ile kazi nzito kuliko zote utakayolipa, katika udongo ulionao, katika wiki ambayo udongo huo uko katika hali yake ngumu zaidi.

Tuanze na hesabu ya muda, kwa kuwa ndiyo inayowatia watu hofu na kuwafanya wanunue mashine kubwa kupita mahitaji yao. Plau ya sahani mbili hukata upana wa takriban sentimita 60 kwa mkupuo mmoja. Trekta likitembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, kila saa lingelima mita za mraba 3,000 kama lisingegeuka kamwe, lakini ukiondoa muda wa kugeuka mwisho wa shamba, kurekebisha plau na kujaza dizeli, hubaki kama robo tatu ya kiasi hicho, yaani mita za mraba 2,250. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo inamalizika kwa muda usiofika saa mbili. Ekari kumi ni kazi ya saa 18 hivi. Ukiongeza kupitisha haro, zana ya kuvunja mabonge ya udongo, mara mbili baada ya kulima, utafika saa 33 au 35, ambazo dereva mmoja anazimaliza ndani ya wiki moja bila kulala shambani. Kwa mkulima wa kiwango hiki, basi, muda si tatizo. Trekta dogo linalovuta plau yake vizuri litamaliza kabla mvua za Novemba na Desemba hazijampita, na neno la kuzingatia hapo ni “vizuri”.

Ili livute vizuri, lazima nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi iwepo kweli shambani, na katika Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito ambao wauzaji wa Dar es Salaam mara nyingi hawaugusii. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, huvuta hewa kama ilivyo, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari. Kanuni inayotumika kwa jumla ni kwamba injini ya namna hiyo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu yake kwa kila mita 300 za mwinuko. Mji wa Njombe uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo injini iliyopimwa kuwa na HP 35 inafanya kazi huko kama injini ya HP 28 au 29. Tena, namba hiyo ni ya injini, na kinachofika kwenye shafti ya PTO, ile ya nyuma ya trekta inayozungusha rotaveta (zana ya kusaga udongo), mashine ya kupukuchua mahindi au pampu ya kunyunyizia dawa, ni pungufu ya hapo kwa asilimia 10 hadi 15. Mkulima wa Njombe aliyelipia HP 35 anabaki na kama HP 25 za kuzungushia zana. Mwenzake wa Mbarali, aliye chini zaidi, anapoteza kidogo kuliko yeye. Kwa hiyo tunawaomba wateja wetu wa Njombe, Makete na Mufindi wasilinganishe trekta lao na la ndugu aliyeko Morogoro, na wakiwa kati ya saizi mbili wachukue ile ya juu au waulize kama kuna injini yenye tabo, ambayo haisumbuliwi sana na mwinuko.

Hata hivyo, nguvu ya injini bila uzito na matairi yanayofaa huishia kuchimba mashimo chini ya magurudumu. Trekta jepesi la HP 30 likifungwa plau ya sahani mbili kwenye udongo wa mfinyanzi litateleza, litakula dizeli na matairi, na litakuchosha. Watengenezaji wengi huuza vyuma vya kuongeza uzito mbele na kwenye magurudumu ya nyuma, na njia ya gharama ndogo ni kujaza maji kwenye matairi ya nyuma hadi robo tatu ya nafasi yake. Usisahau mbele: plau ikinyanyuliwa, magurudumu ya mbele yanapaswa kubaki na angalau moja ya tano ya uzito wote, la sivyo usukani hauongozi kitu. Kuhusu trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne, maoni yetu ni kwamba kwa matrekta madogo linafaa sana kwenye mfinyanzi wenye maji na kwenye miteremko, wakati kwenye udongo mwekundu ulio tambarare mkulima anaweza kubaki na la magurudumu mawili, akaokoa fedha za kununua na za kutengeneza ekseli ya mbele. Kagua pia kashata za tairi. Baadhi ya matrekta madogo yaliyotumika yaliletwa yakiwa na matairi laini ya kukatia nyasi za bustani, na hayo hayafai kulimia hata kama bado ni mapya.

Wapo wanaouliza kuhusu pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili linaloongozwa kwa mikono, na tunawajibu kwa uwazi ingawa tunaziuza. Baada ya kampeni ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, mashine hizi zilisambazwa katika wilaya nyingi, na zikafanya kazi nzuri kwenye majaruba ya mpunga ambako udongo umelowa na vipande vya shamba ni vidogo. Kwenye ardhi kavu na ngumu ya mahindi, injini ya HP 12 hadi 16 na uzito mdogo wa pawatila haviwezi kushusha plau hadi kina kinachohitajika, na nyingi zikaishia kuvuta matela ya mizigo. Kama shamba lako ni jaruba, pawatila inakutosha na itakuachia fedha za mbolea. Kama ni shamba la nchi kavu, usikubali kushawishiwa na bei yake.

Jambo linalowaumiza wateja wengi kuliko HP ni zana kutokuingiana na trekta. Mikono mitatu ya nyuma inayobeba zana hutengenezwa kwa madaraja, na matrekta madogo huwa ya daraja la kwanza, ambalo pini zake za mikono ya chini zina kipenyo cha milimita 22, wakati zana nyingi za matrekta makubwa yaliyozoeleka hapa nchini ni za daraja la pili, lenye pini za milimita 28. Jirani anaweza kukuuzia plau ya sahani tatu kwa bei nzuri, ukafika nyumbani ukakuta haifungiki, na ukiifunga kwa kulazimisha, trekta lako haliwezi kuinyanyua. Plau ya sahani mbili peke yake inaweza kuzidi kilo 200, nayo ya sahani tatu huhitaji injini ya HP 50 au zaidi. Uwezo wa kunyanyua unaoandikwa kwenye vipeperushi mara nyingi hupimwa kwenye ncha za mikono, ilhali uzito wa zana umekaa nyuma zaidi, mahali ambapo mikono ina nguvu pungufu. Ndiyo maana tunapenda kuuza trekta pamoja na zana zake mbili au tatu kwa siku moja, zikiwa zimefungwa na kunyanyuliwa mbele ya mnunuzi. Kwa mkulima wa mahindi na maharage wa huku kwetu tungeanza na plau, haro na tela, kwa sababu tela hufanya kazi miezi yote. Mwenye viazi mviringo ataongeza zana ya kuinua matuta. Mwenye parachichi anahitaji zaidi mashine ya kufyeka nyasi na pampu ya dawa, na kwake upana wa trekta na urefu wake vina maana kuliko nguvu, maana litapita chini ya matawi kwa miaka mingi ijayo.

Sasa tuzungumzie matrekta yaliyotumika, ambayo ndiyo watu wengi wanaweza kuyamudu. Matrekta madogo kutoka Japani, ya Kubota, Yanmar na Iseki, yana injini imara na yanastahili sifa yanayopewa. Lakini mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe: maandishi yake ni ya Kijapani, shafti ya PTO ina kasi kadhaa badala ya ile moja ya mizunguko 540 kwa dakika ambayo zana nyingi hutegemea, na baadhi yana mikono mifupi ya nyuma iliyobuniwa kushika rotaveta ya kampuni ile ile tu. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afunge plau unayokusudia kutumia. Mita ya saa za kazi isikutoshe kama ushahidi, kwa kuwa hubadilishwa. Angalia badala yake kanyagio la klachi lilivyolika, ulegevu kwenye pini za mikono ya nyuma, mafuta yanayovuja kwenye ekseli, na namna injini inavyowaka asubuhi ikiwa baridi kabisa. Muuzaji aliyeiwasha na kuipasha moto kabla hujafika amekuondolea kipimo muhimu kuliko vyote, na una haki ya kurudi kesho yake.

Upande mwingine yapo Massey Ferguson ya zamani, hasa 135 na 240, yenye injini ya Perkins ya silinda tatu. MF 135 ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na bado fundi wa karibu kila mji mdogo anaifahamu. Tunaipenda kwa sababu moja iliyo wazi: vipuri vyake vinapatikana, vikiwemo vinavyotoka India na Pakistani ambako matrekta ya jamii hiyo yaliendelea kuundwa. Kasoro yake ni kwamba nyingi hazina fremu ya chuma ya kumlinda dereva. Kwenye miteremko yetu trekta hupinduka kwa sekunde chache kiasi kwamba dereva hapati nafasi ya kuruka, na vifo vingi vya ajali za matrekta duniani hutokana na kupinduka. Tunawasihi wanunuzi wa matrekta hayo watafute fremu iliyotengenezwa kwa modeli husika, waifunge pamoja na mkanda wa kiti, na wasikubali bomba la kuchomelea mtaani, kwani bomba hilo hukunjika likiangukiwa na trekta. Kifuniko cha shafti ya PTO nacho kisiondolewe kwa kisingizio chochote. Shafti inayozunguka mara tisa kwa sekunde hunasa shuka au khanga na kumvuta mtu kabla hajapiga kelele.

Kuhusu vipuri kwa jumla, iwe mashine ni mpya au imetumika, fanya uchunguzi mdogo kabla ya kuamua. Mpigie simu muuzaji wa spea asiyehusika na biashara hiyo, umuulize bei na upatikanaji wa filta ya oili, sahani ya klachi, pampu ya maji na seti ya nozeli za modeli unayoitaka. Kama vitu hivyo vinne havipo nchini, trekta hilo litalala katikati ya msimu, hata likiwa zuri namna gani. Kwa mashine mpya uliza pia kama modeli hiyo imefanyiwa majaribio na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo kilichoko Arusha, na nani atafanya matengenezo ya kwanza, ambayo kwa kawaida hufika baada ya saa 50 za kazi.

Lipo pia suala la kama ununue kabisa. Tumeona kwamba ekari kumi hutumia kama saa 35 kwa msimu, wakati trekta ni mashine iliyotengenezwa kufanya kazi maelfu ya saa katika maisha yake. Kama huna mpango wa kulikodisha kwa majirani, kubebea mazao au kupukuchulia, marejesho ya mkopo yatakula mavuno yako, na mwenye ekari tano au chini yake tunamshauri aendelee kukodi au aungane na wenzake wawili watatu wenye mashamba jirani. Wanaohitaji mkopo wanaweza kuanzia kwenye benki yao na kuuliza kuhusu dhamana ya PASS Trust, taasisi inayodhamini mikopo ya kilimo, au huduma za Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Tarehe za marejesho zipangwe zifuate mavuno, si kila mwisho wa mwezi.

Ukishafikia uamuzi, tunaomba jambo moja kabla ya malipo ya mwisho, nalo ni kulijaribu trekta kwenye shamba lako mwenyewe. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, liendeshe plau ikiwa juu, na upime umbali wa mizunguko kumi ya tairi. Kisha shusha plau hadi kina unachotaka, rudia mizunguko kumi, na upime tena. Ikiwa mara ya kwanza ulipata mita 36 na mara ya pili mita 32, mtelezo ni asilimia 11, na hiyo ni hali nzuri, kwa kuwa kwenye udongo mtelezo wa asilimia 8 hadi 15 unakubalika. Ukizidi hapo tutaongeza uzito au kupunguza kina, tupime tena. Ikiwa bado linateleza, au injini inapoteza mizunguko na kutoa moshi mweusi mfululizo, basi saizi hiyo haikufai, nasi tutalirudisha dukani na kukuletea nyingine.