Mapanga kwenye daladala: vikeni makali, msiwafukuze wakulima

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nijibu wazo linalozungumzwa vijiweni hapa Tanga, kwamba daladala zisimpakie mtu yeyote mwenye panga, shoka au kisu. Wanaolisema wana nia njema, siwabishii hilo. Lakini wazo lenyewe halitekelezeki, na likitekelezwa kwa nguvu litatuletea balaa kubwa kuliko hili tunalolikimbia.

Mimi ni mshona viatu, kibanda changu kiko Ngamiani. Katikati ya makobazi na soli za kubandika, watu huniletea vipande vya ngozi niwashonee ala za kuvalisha visu na mapanga yao. Nawajua wateja wangu. Kuna mzee anayelala mjini na shamba lake liko Pongwe. Kuna kijana anayekwenda Muheza kufyeka majani chini ya michungwa. Kuna mgema na kotama yake, kile kisu cha kugemea, kuna mama anayepasua kuni za kuuza, kuna mlinzi wa Kimasai na sime yake, ule upanga mfupi. Mkoa huu ulipandwa mkonge wa kwanza mwaka 1893 kule Pangani, na tangu hapo maelfu ya watu wamekula kwa kisu cha kukatia majani yake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asipande gari na panga, hataliacha nyumbani, atalificha. Atalitia ndani ya mguu wa suruali, au chini ya kanzu, au katikati ya mchicha kwenye kikapu, nawe uliyebanana naye kiti kimoja hutajua kama lipo. Heri panga unaloliona ukalikwepa.

Ugomvi wangu mimi ni namna vyombo hivi vinavyobebwa. Wengi hufunga panga kwa gazeti. Samahani Mhariri, gazeti lako lina kazi nyingi za maana, hii si mojawapo. Likipata jasho la mkono au manyunyu ya mvua, kabla hujafika nusu ya safari ncha iko nje inachungulia. Mfuko wa salfeti nao watu huuamini bure. Nyuzi zake zimepishanishwa tu. Ncha haina haja ya kuzikata, hujipenyeza katikati yake, na ikishapenya kila shimo la barabarani huisukuma mbele kidogo. Na ile mifuko laini iliyoingia baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, hiyo hata kisu cha kumenyea viazi huitoboa.

Nimewahi kupanda gari moja na binti wa shule aliyechanwa shavu la mguu na panga lililokuwa ndani ya salfeti, mwenye panga, mzee mmoja, amelibana katikati ya magoti akidhani amemaliza kazi. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe; yule hakulilia. Jeraha halikuwa kubwa, lakini jeraha la panga hospitali huulizia PF3, ile fomu ya polisi, kwa hiyo binti, konda na mzee wa watu wote walishinda kituoni wakieleza jambo ambalo kipande cha mpira kingelizuia.

Nianze na shoka dogo, maana ndilo watu hulidharau. Panga linatisha kwa urefu wake, shoka dogo watu huliona kama nyundo. Uzito wote uko kichwani, na likikuponyoka hutangulia kichwa. Vijana hulitia begani, makali yakitazama shingo. Katika utelezi wa masika, ukienda chini, shingo na shoka vinashuka pamoja. Kama unatembea nalo mkononi, lishike karibu kabisa na kichwa, mkono umenyooka chini, makali yatazame mbele na mpini ubaki nyuma yako. Ukishuka mteremko, kama zile njia za Amani, lishike kwa mkono wa upande wa bondeni: ukiteleza, lirushe mbali nawe, usilikumbatie.

Kina mama wa kuni nawaomba radhi mapema. Ule mtindo wa kuchomeka shoka juu ya mzigo, mzigo ukiwa kichwani, unanikosesha raha kila nikiuona. Kukata mmekata, kufunga mmefunga, kisha shoka linachomekwa mwishoni kama ua. Lianze kulazwa shoka, makali yatazame ndani ya kuni, ndipo kamba ipite. Likikaa hivyo halitoki mpaka mfungue wenyewe.

Kifuniko cha shoka hakihitaji fundi, wala sitafuti wateja hapa. Tafuta kipande cha mpira wa maji, ule wa kumwagilia bustani, urefu sawa na makali. Kipasue upande mmoja kwa urefu wake. Kivishe kwenye makali, kisha zungusha tyubu ya baiskeli iliyokatwa mkanda ipite nyuma ya kichwa cha shoka, uikaze. Basi. Mpira huo hukaa miaka, na ukichakaa unakata mwingine. Ukitaka cha ngozi, nakushonea, lakini kazi yake ni ileile.

Panga na kisu ni habari nyingine, kwa sababu vinatoka na kuingia mara nyingi. Hapa ndipo mafundi wengine wanapoharibu. Wanachukua vipande viwili vya ngozi, wanavishona pembeni, wanakukabidhi. Siku ya kwanza ala inapendeza. Lakini kila kisu kinapoingia, makali yanapita juu ya uzi, na baada ya wiki kadhaa uzi umekatika bila wewe kujua. Unavuta kisu, vidole vimeshika ala pembeni, na makali yanatokeza palepale kwenye vidole. Ala ya kweli ina ukanda mwembamba wa ngozi katikati ya vile vipande viwili, upande wa makali, ili kisu kikiteleza kikutane na ngozi kabla ya uzi. Unapokwenda kwa fundi, tazama ukingo wa ala: ukihesabu ngozi tatu, lipa. Ukiona mbili, mrudishie. Na kule chini penye ncha paachwe tundu dogo, maji yapate kutoka.

Ala za sime za Wamasai nimezitengeneza mara kadhaa zilipofumuka. Ndani mna vibao viwili vya mti, juu yake ngozi nyekundu, na chuma chote kinaingia hadi mpini unapoanzia. Haitikisiki, hailii. Mtu anapita nayo sokoni Mgandini katikati ya msongamano, ubavuni kulia, na hakuna anayegutuka. Sisi wenye mapanga ya dukani tunashindwa na hilo?

Kwa wenzangu wa baharini, wale wa Deep Sea na Sahare, nasema kinyume na biashara yangu: kisu chako usikiweke kwenye ala ya ngozi usiku. Ngozi hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia, asubuhi chuma kimeota kutu. Ala ya bomba la plastiki inawafaa zaidi. Bomba la maji la kawaida hulainika likisogezwa karibu na makaa, si juu ya moto. Likiungua moshi wake ni sumu, na kazi hiyo ifanyike nje. Likilainika unalibana katikati ya mbao mbili mpaka lipoe, nalo hukaa bapa kwa kipimo cha kisu chako. Unatoboa matundu, unapitisha kamba. Ukimaliza kazi, suuza kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, futa, paka mafuta ya nazi kidogo.

Mahali pa kukivaa nako kuna watu wanapakosea. Kisu kilichochomekwa kiunoni kwa mbele, bila ala, ukiinama kufunga kamba ya kiatu ncha inatafuta paja, na ndani ya paja mna mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika dakika ni chache. Kiwe ubavuni, nyuma kidogo ya nyonga, ala ining'inie kwenye kitanzi ili ukikaa ijisogeze yenyewe. Kwenye bodaboda kivue kabisa ukifunge kwenye mzigo. Na kwenye baiskeli, ambazo mji wetu unazo tele, panga lisikingamishwe kwenye keria! Lilale kwa urefu, likiwa limevaa, limefungwa kwa mpira sehemu mbili. Panga lililokingama linafagia kila mtu anayetembea kando ya barabara, na mwendesha baiskeli wala hajui, maana macho yake yako mbele.

Kupeana nako. Bibi yangu hakumpokea mtu kisu mkononi; ulikiweka chini, naye akakiokota. Tulimcheka tulipokuwa wadogo. Siku hizi wateja wangu nao nawaambia waweke mezani.

Sasa nirudi kwenye daladala na sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamkataza mtu kutembea na silaha hadharani bila sababu halali kwa namna ya kutia watu hofu. Sioni kwamba mkulima anakosea hapo. Panga lililovaa ala, limefungwa, mpini ukionekana, linasema lenyewe kwamba linakwenda shambani. Panga tupu mkononi saa moja jioni katikati ya stendi linasema lingine, na askari akikusimamisha hapo usimlaumu. Kwa hiyo hata mwenye panga ala inamlinda, si abiria peke yake.

Pendekezo langu kwa wenye magari na wasimamizi wa stendi ya Kange ni dogo. Makali yaliyofunikwa yapande, yasiyofunikwa yabaki mlangoni mpaka yafunikwe. Konda awe na mikanda ya tyubu na vipande vya mpira wa maji ndani ya gari. Mafundi baiskeli hutupa tyubu mbovu kila siku, ni kuokota tu. Kisha vyombo vyote vilazwe mahali pamoja, ndani ya boksi la mbao nyuma ya kiti cha dereva, visikae miguuni mwa watu wala juu kwenye rafu ya mizigo, ambako dereva akikanyaga breki vinashuka kichwani mwa mtu. Mwenyewe akifika anataja chake, konda anampa, mpini mbele.

Boksi hilo naweza kuwatengenezea la kwanza bila malipo, wakiniletea mbao.

Mshona viatu,
Ngamiani, Tanga