Hati za watalii China: aliyeumia ni raia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala yenu juu ya pesa za nchi za kikomunisti. Mwandishi amesema hati za fedha za kigeni, ambazo Benki ya China ilianza kuzitoa Aprili 1, 1980, zilimsumbua sana mtalii. Ni kweli zilimsumbua, lakini aliyeumia hasa ni Mchina mwenyewe.

Mgeni akifika na dola au hundi za wasafiri, benki haikumpa renminbi, yaani pesa za kawaida za China anazotumia mwananchi, zinazohesabiwa kwa yuan. Ilimpa hizo hati, waihuiquan, za kuanzia jiao 1 (sehemu ya kumi ya yuan) hadi yuan 100, ile kubwa ikiwa na picha ya Ukuta Mkuu. Kisheria, yuan ya hati na yuan ya mwananchi zilikuwa na thamani moja. Hoteli za wageni, tiketi za ndege na Maduka ya Urafiki, yaani maduka ya serikali ya kuuzia wageni, vililipiwa kwa hati. Serikali ilihitaji fedha za kigeni za kununulia mitambo nje, na haikutaka dola zizagae mitaani. Hilo silipingi.

Nilisoma Beijing miaka hiyo. Sisi wanafunzi posho yetu ilikuwa renminbi, tukapewa na kadi nyeupe ya kuturuhusu kulipa nazo pale ambapo mgeni mwingine alidaiwa hati. Hata hivyo, nje ya Duka la Urafiki vijana walitufuata wakituuliza kwa sauti ya chini kama tunabadilisha pesa. Walikuwa radhi kutoa renminbi nyingi zaidi kwa hati ambayo serikali ilisema ni sawa na yao. Wasiitwe wahuni wote. Wapo waliokuwa wanajiandaa kuoa, wanatafuta televisheni ya rangi ya Kijapani. Televisheni ilikuwa humo dukani, juu ya rafu, ila pesa ya mshahara wao haikupokelewa. Pesa ya nchi yao, ndani ya nchi yao!

Mwandishi anasema pia kwamba hati zilikufa China ilipoachana na ukomunisti. Si hivyo. Zilisimama kutolewa Januari 1, 1994, siku ambayo serikali iliunganisha viwango viwili vya kubadilisha fedha, kile rasmi na kile cha soko, na dola ikapanda kutoka yuan 5.8 hadi 8.7. Kiwango rasmi kilipoukaribia ukweli wa soko, hati zikakosa kazi. Chama cha Kikomunisti kipo madarakani hadi leo.

Na mambo haya hayajaisha. Kuba ilileta peso yake ya kubadilishika, pesa ya pili kando ya peso ya kawaida, mwaka 1994, ikaanza kuiondoa Januari 1, 2021, lakini ilikuwa tayari imefungua maduka ya kulipia kwa kadi zenye fedha za kigeni. Mwalimu wa Havana anayelipwa peso hana cha kununulia humo.

Mwandishi akiirudia mada hii, namsihi awahoji na wananchi waliotumia renminbi wakati ule. Wachina wa umri wangu hawakosekani hapa Kariakoo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam