Barua kwa mwanangu: amri ya kukataa wodini

Mwanangu mpendwa,

Jumatatu unaanza zamu za usiku za uuguzi. Usiku daktari huwa mmoja, kachoka, na amri nyingi huja kwa mdomo au kwa simu. Umefundishwa kutii, na mara nyingi kutii ndiko kunakomponya mgonjwa. Lakini zipo amri ambazo ukizitii utamuua.

Chukua potasiamu kloraidi, dawa ya kupandisha potasiamu, madini ya mwilini, ikiwa imeshuka. Ampuli ya 15% yenye mililita 10 ina milimoli 20 za potasiamu. Ukiichoma moja kwa moja kwenye mshipa, moyo unasimama. Huchanganywa kwenye dripu ya chumvi ya mililita 500, ipite kwa muda usiopungua saa 2, tena baada ya kuhakikisha mgonjwa anakojoa. Pindua chupa juu chini mara 10 kabla ya kuitundika. Usiiongeze kwenye dripu ambayo tayari inaning'inia: potasiamu ni nzito, hutuama karibu na mdomo wa chupa na kuingia kwa mkupuo. Na ampuli yake hufanana mno na ya maji ya kuchanganyia dawa, kwa hiyo soma jina, usiamini umbo.

Basi ukiambiwa, "Sista, choma hiyo potasiamu haraka," irudie amri kwa sauti: dawa, kipimo, njia. Wengi wakisikia maneno yao yakirudiwa hujirekebisha. Akishikilia, mjibu: "Daktari, sitaichoma hivyo, itasimamisha moyo. Niichanganye kwenye dripu?" Akikataa tena, mwite msimamizi wa zamu papo hapo. Usimpe mwanafunzi bomba la sindano alichome yeye. Kama dawa umeshaivuta, imwage. Bomba lisilo na lebo likibaki kwenye trei, atakuja mwingine alichome akidhani ni maji.

Ninachokiogopa kuliko ugomvi ni kugoma kimya: muuguzi hachomi, kisha anasaini kwamba amechoma. Daktari anaendelea kupanga tiba juu ya uongo. Andika saa, amri kama ilivyosemwa, jibu lako, na uliyemwita.

Usidhani ujasiri huo huja wenyewe. Mwaka 1966, nchini Marekani, Charles Hofling na wenzake walichapisha jaribio lao: mtu aliyejiita daktari, asiyefahamika wodini, alipiga simu akiamuru miligramu 20 za dawa ambayo boksi lake lilisema mwisho ni 10. Kati ya wauguzi 22, 21 walikwenda kuitoa, wakazuiwa njiani. Dawa yenyewe haikuwa na madhara, lakini wao hawakulijua hilo. Kwa hiyo yaseme maneno yale ya kumkatalia daktari kwa sauti ukiwa nyumbani, mpaka mdomo uyazoee.

Na ukishakataa, usiondoke kitandani. Potasiamu ya mgonjwa bado iko chini. Andaa dripu, hesabu matone, shika mpigo wa moyo wake, na mwombe daktari aandike amri mpya.

Mama yako