Mhariri, mmea ule hunywa maji

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nirekebishe jambo lililonigharimu shilingi 800 na maneno ya jirani.

Mwezi uliopita, kwenye ukurasa wenu wa mapambo ya nyumba, mlitoa picha ya mmea ule wa kijivu unaoning'inia kama ndevu za mzee, unaouzwa kwa jina la "Spanish moss". Chini ya picha mkaandika kwamba hautaki udongo wala maji, unaishi kwa hewa tu. La udongo ni kweli. La maji si kweli hata kidogo, na wauzaji nao wamelishika hivyo hivyo. Sijui nani kamfunza mwenzake.

Mimi niliununua Malindi mwaka jana, nilipokwenda kutazamwa macho. Nikingoja basi la kurudi, nikaona mashungi yake yametundikwa kwenye kibanda cha miche, nikauliza. Kijana akaniambia, "Huu hauna kazi, mama. Tundika, sahau." Nikatundika, nikasahau. Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu, ya mawe, ya wazee. Nikauweka kwenye msana, yaani ukumbi ulioelekea ua wa ndani, mbele ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na juu ya ile chokaa nyeupe ukapendeza kweli. Kwa miezi miwili kila aliyeingia aliusifu, na sehemu kubwa ya miezi hiyo walikuwa wakiisifu maiti.

Mmea huu ukiwa hai na mkavu ni wa kijivu, na ukifa hubaki kijivu. Haunyauki ukaona majani yamelala, haupukutiki. Aliyenifumbua macho ni mjukuu wangu wa darasa la sita: aliuvuta uzi mmoja ukakatika mkononi mwake kama tambi ambazo hazijapikwa. Nami nimefundisha sayansi shule ya msingi miaka 31! Nikaona haya, nikaanza kusoma.

Kwanza jina lenyewe linadanganya. Mmea huu si wa Uhispania. Kwao ni Amerika, kuanzia majimbo ya kusini mashariki ya Marekani mpaka Argentina. Wala hauna undugu na "moss" yenyewe, ule ukijani unaoota kwenye ukuta wa birika la maji. Wataalamu wanauita Tillandsia usneoides, na ni wa ukoo mmoja na nanasi. Naam, nanasi hilo hilo la sokoni. Ukikua hauna mizizi. Huko kwao hujining'iniza kwenye matawi ya miti mikubwa, na hauunyonyi mti. Mti kwake ni msumari wa kutundikia tu. Kazi yote ya kunywa hufanywa na majani, ambayo yamefunikwa na magamba madogo mno. Yakiwa makavu, magamba hayo huurudisha mwanga, ndipo tukaona kijivu. Yakilowa hupitisha mwanga, na ukijani ulio chini yake ukajitokeza.

Basi mhariri, fanya hivi. Chukua uzi mmoja, uweke kiganjani, dondoshea tone la maji. Ukiwa hai utaona tone linanywewa, na pale lilipoangukia kijivu kinafutika, rangi ya kijani inatambaa kama wino kwenye shashi. Ukiwa umekufa, utalowa tu kama kamba ya jahazi.

Niliporudi Malindi nilikwenda kwa muuzaji mwingine na chupa yangu ya maji mkobani. Alikuwa na mashungi matatu, bei moja. Nikamwomba ruhusa, nikanyunyizia. Moja likawa kijani. Mawili hayakubadilika, kwa sababu yalikuwa yale yaliyokaushwa kwa ajili ya kupambia vikapu na maua ya plastiki. Si haramu kuuza kilichokaushwa, lakini mwambie mnunuzi! Kijana alinuna. Nikalipa lile lililo hai, nikapanda basi nimelipakata kwenye kanga hadi Mokowe, na kwenye boti nikalifunika lisipigwe na maji ya chumvi.

Na chumvi ndiyo habari kubwa kwetu sisi wa Lamu. Juma la kwanza nililichovya kwenye maji ya kisima. Lilipokauka, ncha zikawa na unga mweupe, kisha zikageuka hudhurungi. Mmea unaokunywa kwa ngozi hauna pa kuiacha chumvi. Inaganda juu ya magamba na kuyaziba. Maji ya bomba nayo, yanayotoka visima vya Shela, kinywani mwangu yana ladha ya chumvi siku hizi. Dawa ni maji ya mvua. Mvua za mwaka zikianza, nakinga pipa mbili chini ya mlizamu wa dari, nafunika na kitambaa mbu wasiingie, na hayo ndiyo yake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba mpaka Machi, nalichovya kwenye beseni mara tatu kwa juma, kiasi cha nusu saa. Mvua zikikaza, chombo cha kunyunyizia kinatosha.

Jirani yangu alinichungulia kutoka dirisha lake siku moja akapaza sauti, "Shoga, watu hawana mai ya kunwa, nawe waogesha ndevu!" Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikamwonyesha kwamba maji ya beseni hayamwagwi: yanakwenda kwenye mirehani na asumini. Hakuridhika, ila siku hizi huja kuniomba mirehani.

Kuchovya ni asubuhi, si jioni. Mmea huu hufunga vitundu vyake mchana wa jua ili usipoteze maji, na hufungua usiku kuvuta hewa ya kaboni. Ukiulaza umelowa unauziba pua. Na ukishautoa majini ukung'ute vizuri, uutundike penye upepo ukauke katika saa chache. Ukibaki chepechepe katikati utaoza na kunuka. Jua la adhuhuri linauchoma, na giza la vyumba vyetu vya ndani linauua polepole. Msana ulioelekea kiwanda, yaani ua wa ndani, ndipo mahali pake.

Kosa langu jingine lilikuwa waya. Fundi mmoja alinipa kipande kizuri cha shaba nyekundu, nikautundikia. Baada ya majuma machache, nyuzi zote zilizogusana na waya zilikuwa nyeusi. Shaba ni sumu kwa mimea ya ukoo huu, sikujua. Sasa natumia mshipi wa kuvulia.

La punda sitalieleza sana. Siku ya mvua niliutundika nje kwenye daka, baraza ya mlangoni, upate maji ya bure, nikaingia kuinjika chai. Niliporudi punda mmoja asiye na mwenyewe alikuwa anatafuna, nusu ya ndevu zinaning'inia mdomoni mwake. Punda hakudhurika, wala hakuonyesha kujuta. Nusu iliyobaki niliigawa mafungu mawili, maana kila kipande cha uzi ulio hai kinaweza kuendelea kukua peke yake, na fungu moja nikampa yule jirani wa dirishani. Nilimwomba auweke nyumbani mwake, asiutundike kwenye mikoko. Mikoko yetu ina ya kwake ya kutosha.

Ombi langu kwako ni fupi: chapisheni masahihisho, palepale mlipoweka picha. Andikeni kwamba unataka maji, tena yasiyo ya chumvi, na mnunuzi aujaribu kwa tone kabla hajatoa pesa.

Lile shungi la kwanza, lililokufa, sikulitupa. Nilisoma kwamba Marekani, zamani, waliuozesha mmea huu mpaka ngozi ikatoka, wakabaki na nyuzi nyeusi ngumu kama singa za farasi, wakajazia magodoro na hata viti vya magari, kama sisi tulivyojaza sufi kabla ya sponji. Nikaloweka langu kwenye ndoo, kwa maji ya kisima safari hii. Halikutosha godoro. Limetosha kimto cha kuchomekea sindano, na ndicho kilicho hapa pajani wakati huu, nikiwa na kofia ya mjukuu ambayo haijafika hata nusu.

Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu