Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Aliyeleta Kapeti Ndiye Aje Kuichukua

Ndugu wanachama wa chama chetu cha mafundi wa kapeti wa hapa Kampala, wazee wetu, mama zetu wa usafi, vijana wa kubeba, habari za mwaka. Salamu za pekee kwa wenzetu wa Arua, Jinja na Mbale ambao wanafuata mambo ya chama kwa simu tu maana nauli nayo ni mzigo, na kwa ndugu zetu wa Congo waliojiunga mwaka huu wakaja na ufundi wa kushona kingo, karibuni sana. Ya ndani ya chama nitayapitia haraka alafu nikae kwenye jambo moja ambalo ndilo limekula muda wa kamati karibu mwaka mzima, yaani hizi kapeti kuukuu zinaenda wapi na nani anatakiwa kulipia safari yake.

Basi ya ndani: mikutano ilifanyika, mmoja tu ulisogezwa sababu ya mvua. Hesabu mhazini ameshaziweka kwenye grupu na karatasi zenyewe ziko kwa katibu, anayetaka kuziona kwa macho yake aende azione. Mfuko wa msiba umefanya kazi yake bila maneno. Michango ya mwezi inasuasua na mnajua, sitaongeza.

Sasa tuje kwenye kapeti.

Kila fundi hapa anajua kazi inavyoanza. Mteja amenunua kapeti mpya, wewe unaitwa kuitandika, na kabla hujafungua hata roli lazima ung'oe ile ya zamani, imeshikana na gundi, imejaa vumbi la miaka, ikiwa bomba lilivuja basi imekunywa maji na uzito wake umekuwa mara mbili. Ukimaliza mteja anakuambia hiyo mnaenda nayo ssebo. Nani amelipia hiyo kwenda nayo? Hakuna. Mwenye duka ameshapata chake, mwenye kontena ameshapata chake zamani, kiwanda kule Uturuki ama China hakijui hata kwamba hiyo kapeti bado ipo duniani. Anayebaki na mzigo ni fundi na kijana wake wa pikapu, na wale wenye maeneo ya chini ambako inaishia, kwenye mtaro wa Nakivubo, kwenye kinamasi cha Lubigi, mvua ikija kapeti moja tu inatosha kuziba njia ya maji na nyumba za watu zinaingia mafuriko.

Na dampo tusijidanganye kwamba ndio jibu. Tarehe 10 Agosti 2024 dampo la Kiteezi lilishuka juu ya watu, zaidi ya 30 walikufa, na wengine wetu tuna ndugu kule. Ule mlima wa taka ulikuwa unapokea kasasiro, yaani takataka, ya Kampala tangu miaka ya 1990. Kapeti haiozi jamani. Nyuzi zake ni plastiki, mgongo wake ni plastiki, katikati kuna gundi iliyochanganywa na unga wa chokaa na huo unga peke yake unaweza kuwa theluthi ya uzito wote wa kapeti. Ukiizika leo wajukuu wataikuta. Ukiichoma, moshi wake ni sumu kwa watoto wa jirani.

Kamati ilikaa ikauliza wenzetu wa nchi zingine wanafanyaje, na nataka mnisikilize vizuri hapa sababu ndio moyo wa taarifa yangu.

Marekani ndio nchi ya kapeti, mji wa Dalton kule Georgia unajiita makao makuu ya kapeti ya dunia. Mwaka 2002 viwanda vilikaa na serikali, majimbo na watu wa mazingira wakaandikiana mkataba wa hiari kwamba ikifika 2012 asilimia 40 ya kapeti kuukuu iwe haiendi tena dampo. Hiari, hakuna faini, hakuna wa kukamatwa. 2012 ikafika na lengo halikufikiwa, wala hawakulikaribia. Hapo ndipo nawaambia wale wanaosema tuwaombe tu waagizaji kwa upole watatusaidia. Tuwaombe ndio, lakini kuomba peke yake kumeshajaribiwa na watu wenye pesa kutuzidi na hakukufika popote.

Jimbo la California halikungoja hiyo 2012 ifike. Mwaka 2010 lilipitisha sheria, ya kwanza Marekani kwa kapeti, na kuanzia 2011 kila anayenunua kapeti mpya analipa senti kidogo juu ya bei, inaandikwa kwenye risiti, na hiyo pesa inaenda kulipa wanaokusanya na wanaorejeleza. Ilianza senti 5 kwa yadi ya mraba. Fikirieni chumba cha mita 4 kwa 5, hiyo ni kama yadi 24 za mraba, kwa hiyo mteja aliongeza dola 1 na senti 20 tu. Baadae wakaona haitoshi wakapandisha mpaka senti 35 mwaka 2019, chumba hichohicho kikawa dola 8 na senti 40. Watu hawakuacha kununua kapeti.

Lakini pesa peke yake haikutosha na hapa kuna funzo kubwa. Mfuko wenyewe uliwekwa mikononi mwa shirika la watengenezaji haohao, na miaka ikapita kazi haisongi, mamlaka ya taka ya jimbo ikawabana kwamba hawaonyeshi maendeleo ya maana, ikaishia shirika kukubali kulipa dola milioni 1.175 mwaka 2021. Sheria nayo walishaikaza 2017: lengo likawa asilimia 24 irejelezwe ikifika 2020, kamati ya ushauri yenye watu wa nje ikawekwa, na ikakatazwa kutumia pesa za mfuko kupeleka kapeti kwenye matanuri ya kuchomea. New York nao wakapitisha ya kwao Desemba 2022. Mimi nikisoma hiyo historia naona kitu kimoja wazi, mtengenezaji analipa pale tu ambapo kuna namba ya kufikia, tarehe ya kuifikia, na mtu mwingine anayeshika daftari.

Kuna anayeuliza, kapeti si takataka tu, nani ataitaka? Wapo. Nailoni 6, ambayo ni aina moja ya nailoni, inaweza kuvunjwa mpaka irudi kuwa malighafi yake ya mwanzo alafu ikafumwa upya kama haijawahi kutumika, kuna kiwanda Slovenia kinafanya hiyo kazi tangu 2011, kinachanganya kapeti na nyavu za uvuvi. Polipropilini, plastiki ambayo ndio nyingi kwenye zile kapeti za maua zinazotoka Gaziantep kule Uturuki, unaiyeyusha inakuwa vitu vingine vya plastiki. Shida ni kuchambua. Nailoni na polipropilini haziyeyuki kwenye joto moja, polipropilini kama nyuzi joto 165 na nailoni 6 kama 220, ukizichanganya unapata uji usiofaa kitu. Ndio maana wanunuzi wa plastiki wa hapa Kampala wanachukua chupa, jeriken na beseni lakini ukiwapelekea kapeti wanageuza uso.

Hapo mafundi wetu wa Katwe wamefanya kazi ya kusifiwa mwaka huu na nataka iandikwe kwenye kumbukumbu. Wanachomoa nyuzi chache za juu, wanazisugua na maji ya sabuni, wanazitia kwenye beseni la maji. Zikielea ni polipropilini. Zikizama ni nailoni, ama poliesta, ama sufu. Hakuna moto, hakuna moshi, hakuna mashine. Tumeshaomba kila fundi afanye hivo kabla hajaleta kapeti stoo na wengi mmeanza, asanteni sana. Lakini beseni halitatuambia nailoni ni ipi na poliesta ni ipi, hiyo inatakiwa iandikwe mgongoni na aliyeitengeneza. Yeye anajua alichoweka. Kuandika mgongoni gharama yake ni ndogo mno, na sisi ingetuokolea kazi ya siku nzima.

Tuje nyumbani. Uganda hatuna Dalton yetu, kapeti karibu zote zinapanda kutoka Mombasa zinaingia mpakani Malaba ama Busia mpaka maduka ya Kikuubo hapa Kampala. Kwa hiyo kwetu mtengenezaji ni nani? Msimamo wa kamati ni kwamba ni yule anayeingiza. Yeye ndiye mkono wa kwanza ambao serikali inaweza kuushika, jina lake liko kwenye karatasi za forodha, na mita za mraba alizoingiza ziko palepale. Hatutungi kitu kipya, Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 imeshataja huu wajibu wa anayetengeneza na anayeingiza bidhaa, na kanuni za taka zikafuata 2020. Jirani zetu Kenya wana sheria yao ya 2022 na kanuni za 2024. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kusema kapeti nayo imo. Mkiangalia mazungumzo yote ni chupa na kaveera (mifuko ya plastiki), chupa na kaveera. Ni sawa, lakini roli moja la kapeti ni kaveera ngapi?

Tulichofanya: tuliandika barua kwa mamlaka ya mazingira, imepokelewa na muhuri upo. Tulitembelea wafanyabiashara kadhaa. Muagizaji mmoja mkubwa, jina sitaji, alitusikiliza vizuri akatupa chai alafu akasema kapeti ikishatoka stoo kwake si yake tena. Nilimjibu kwa heshima kwamba faida ya hiyo kapeti bado ni yake. Duka moja la kati limekubali kujaribu, ukinunua mpya wanapokea ya zamani na wanaweka kiasi kidogo cha kusafirisha mpaka stoo yetu, wanakiandika kwenye risiti, na mwenye duka mwenyewe anasema wateja wanauliza ni ya nini wakishaelezwa wanalipa. Hiyo imenipa moyo sana.

Mzigo mzuri zaidi uko misikitini, makanisani na mahotelini. Hoteli nyingi zilijengwa ama kukarabatiwa kwa ajili ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007 na kapeti za wakati ule zinang'olewa ama zimeshang'olewa. Ni mita nyingi za aina moja, hazina mchanganyiko. Vilevile msikiti ukibadilisha kapeti unapata vipande virefu ambavyo katikati bado ni vizima kabisa, hivo visiende kurejelezwa kwanza, vikatwe viende kwenye madrasa na nyumba za watu wanaolala sakafuni. Kurejeleza kije baada ya kutumika tena.

Kamati inaleta maombi haya kwenu mpige kura. Chama kidai ada ilipwe pale kapeti inapoingia nchini, kwa mita ya mraba, na ionekane kwenye risiti ya mteja. Mfuko usikae kwa waagizaji peke yao, mafundi na wakusanyaji wawe na viti na wawe na haki ya kuona vitabu. Kila kapeti iandikwe uzi wake mgongoni. Na anayeng'oa na kuileta alipwe kwa kilo, sababu bila hiyo kijana wa pikapu atafuata njia fupi na mimi siwezi kumlaumu, ana watoto.

Wapo wanaoogopa kwamba bei ikipanda kazi zetu zitapungua. Hofu hiyo ni ya haki na nataka ijadiliwe wazi mkutanoni, si pembeni. Maoni yangu ni kwamba leo tayari tunalipa, tunalipa mafuta ya gari, tunalipa mifereji kuziba, ila tunalipa sisi wa chini na risiti hatupewi.

Mwisho ni ya utaratibu. Kila mmoja apige picha mgongo wa kapeti anazong'oa, hasa zenye lebo, atume kwa katibu na aandike imetoka jengo la aina gani, tunataka kwenda kwa mamlaka na ushahidi mkononi. Stoo inahitaji turubai kabla mvua za Machi hazijaanza, mwenye turubai ya kuazima aseme. Na kiti cha makamu kiko wazi, majina yapelekwe kwa katibu, na mama zetu wa usafi naomba safari hii mlete jina, maana nyinyi ndio mnaoziona hizi kapeti kabla ya sisi wote.